Birika la Mama Mkwe

Sehemu ya sita

Msomaji mmoja ameniandikia kupitia gazeti: "Dada, yale mabeseni bado unayo?"

Ninayo. Jekundu limepasuka ukingo, la kijani nafulia nguo za mtoto. Ndoo niliyoomba niongezewe iliibiwa mwezi uleule. Kama mlitaka kusikia kwamba nilifaidi, sikufaidi.

Kwa ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kukutana nami, habari yangu ni fupi na haina mapambo. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa mjamzito, nilichukua vyombo vyote vya zamani vya mama mkwe wangu, ambavyo alituachia tumtunzie stoo, nikampa mchuuzi anayezunguka akibadilishana vyombo chakavu na mabeseni mapya. Sikumwuliza mtu. Nilivionea aibu. Mimi ni mshona mapazia, wateja wanakuja nyumbani kuchagua vitambaa, na mmoja wao aliona vikombe vile vya bati vilivyobanduka rangi akaniuliza kama tunafuga mbwa.

Mume wangu alipokuta stoo tupu, akamshuku mdogo wake wa kike, aliyekuwa anaishi nasi akitafuta kazi. Wiki hiyohiyo wifi yangu alikuwa amenunua viatu vipya. Mume wangu akamwita mwizi mbele yangu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikufungua mdomo.

Wifi aliondoka na begi moja. Tangu siku hiyo kaka na dada hawakusemezana, na Mama aliambiwa tu kwamba wamegombana.

Sasa Mama ameletwa kwetu ili afanyiwe upasuaji wa macho. Siku aliyofika, hata kitambaa cha kichwa hajakifungua, aliuliza, "Vyombo vyangu viko wapi?" Nikamjibu viko stoo, nitavitoa kimoja kimoja. Mume wangu nikampa habari nyingine: kwamba kwa kuwa dada yake alishaviuza, nitazunguka kwa wauza vitu vya zamani nitafute vinavyofanana navyo, Mama aridhike.

Mume wangu alinishika bega akasema, "Kweli Mungu alinipa mke."

Neno hilo nimelibeba wiki tatu. Lina uzito, jamani.

Jumamosi ninayotaka kuwasimulia leo ilianza kwa Mama kukataa chai.

"Mama, kunywa kidogo tu umeze dawa."

"Chai hii inanuka plastiki."

"Chupa ni mpya, Mama."

"Ndiyo maana."

Akakisukuma kikombe kwa ncha ya kidole. Tangu aje alikuwa anakula kama ndege. Daktari wa macho alimpima uzito akatikisa kichwa, akatuambia akiendelea kupungua hivi hatampeleka chumba cha upasuaji. Na bila upasuaji, kile kivuli anachokiona sasa nacho kitaondoka.

Sahani mbili nilizokuwa nimempatia alizipokea vizuri. Kila moja aliishika kwa mikono yote miwili, akapitisha kidole gumba chini yake, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Kisha akasema, "Asante, mwanangu." Akala vijiko viwili akaacha. Nami nikajiona nimefaulu.

"Birika langu umelifikia?" akaniuliza asubuhi ile.

"Liko chini kabisa, Mama. Leo nalitoa."

"Stoo yenu kubwa kweli," akasema. "Vyombo vyote hivyo, na sijasikia hata siku moja vikigongana."

Mume wangu, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, akacheka. Mimi nilikwenda kutafuta mkoba wangu.

Wauza vitu vya zamani wamejipanga nyuma ya karakana za magari, kwenye vumbi na harufu ya oili. Nilikuwa nimewazunguka Jumamosi tatu mfululizo. Miguu ilivimba hadi viatu vikawa vinaniomba radhi. Niliyemtegemea ni mmoja tu, mzee mfupi ambaye wenzake wanamwita Kutu. Ana pasi za mkaa, ana mizani, ana redio za mbao zisizosema kitu, na huku nyuma ana mabirika yamening'inia kama popo.

Kutu hana utani na kazi yake. Kila birika analijaza maji mbele ya mteja, analishika juu, anangoja. Linalovuja haliuzi.

"Mama Birika!" aliniita kabla sijafika. "Leo ninayo matatu. Kaa."

La kwanza lilikuwa la kijani.

"Si nilisema bluu?"

"Liweke kwenye moshi wiki mbili. Nani ataijua rangi yake?"

"Mama mkwe wangu."

"Si uliniambia haoni?"

"Haoni kwa macho."

Kutu akanitazama, akalirudisha birika kwenye ndoano bila kubisha.

La pili lilikuwa bluu, tena bluu yenyewe, lakini mtu alikuwa ameling'oa mpini akalitia wa mbao. Mkono wa Mama ungeujua mpini ule kabla haujamaliza kuushika.

La tatu nilipoliona nilisimama. Bluu nje, jeupe ndani, mpini wake mwenyewe, mdomo umepinda vizuri. Kutu akalijaza maji, akaliinua. Tukangoja. Tone la kwanza lilinidondokea kwenye kiatu.

"Linavuja kwenye shina la mdomo," akasema.

"Lichomelee."

"Bati la rangi ukilipiga moto, rangi inaruka yote. Utaondoka na kopo."

"Basi niuzie hivyohivyo."

"Ukamwunguze bibi wa watu? Siuzi."

Nilikaa kwenye kreti lake nikainamisha kichwa. Sikuwa nimechoka miguu tu. Nilikuwa nimechoka kuamka asubuhi nikakumbuka, kabla ya kitu kingine chochote, ni nani nimemwambia nini.

Kutu alinionea huruma. Alimwaga maji, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Dada yangu, mimi sina kosa. Anayekukosesha ni mwenzako."

"Mwenzangu gani?"

"Yule mwanamke mwingine. Kila mwisho wa mwezi lazima apite. Naye hataki kingine, bati la bluu tu. Tena hakurupuki. Analigeuza kwanza, anatazama chini. Likimkubali analichukua, lisipomkubali hata umpe bure anakuachia. Birika zuri kuliko yote niliyowahi kupitisha hapa alilichukua yeye. Lile lenye mnyororo mdogo kwenye kifuniko."

Nikainuka kwenye kreti. Birika la Mama lilikuwa na mnyororo mdogo kwenye kifuniko. Mume wangu alipokuwa mdogo alikuwa anauchezea hadi anachapwa.

"Anakaa wapi huyo?"

"Anakokaa sijui. Kazini kwake najua, niliwahi kumpelekea bakuli. Anapiga pasi kwa yule dobi mwenye mlango wa njano, nyuma ya kituo cha mabasi. Nenda mkaelewane wanawake kwa wanawake. Labda ameshalichoka."

Njia nzima nilikuwa natengeneza uongo wa kumwambia mwanamke huyo. Nimekuwa fundi. Naupima uongo, naukata, naupinda ncha, nauning'iniza, na ukiutazama kwa mbali unapendeza. Nilipofika kwenye mlango wa njano nilikuwa na mama mgonjwa mahututi ambaye ombi lake la mwisho lilikuwa kunywa chai kwenye birika la bluu. Nilijaribu hadi machozi. Yalikubali.

Ndani kulikuwa na joto la mvuke na harufu ya wanga. Dobi mwenyewe alikuwa anaandika namba kwenye vifurushi.

"Namtafuta dada anayenunua vyombo vya zamani."

Akanielekeza kwa kidevu, mlango wa nyuma. Haukuwa mlango, lilikuwa shuka limetundikwa kwenye waya. Nilitazama pindo lake kwa mazoea ya kazi. Limeshonwa kwa mkono, mishono mirefu ya haraka, ya mtu ambaye hakufundishwa ila ameona mwingine akishona.

Nililisogeza.

Mwanamke alikuwa amenipa mgongo, anapiga pasi shati jeupe. Nilimjua kwa mgongo ule kabla hajageuka. Alikuwa ameshona mapindo mengi ameketi mbele yangu, enzi zile anakaa kwetu, akinisaidia mahali palipokuwa na haraka.

Wifi yangu.

Aligeuka. Hakushtuka. Aliiweka pasi kwenye kibao chake cha chuma, akanitazama kama mtu anavyomtazama mkaguzi wa umeme.

"Karibu," akasema. "Kaa kitandani. Kiti kina nguo za watu."

Machozi yangu ya maandalizi yalikauka palepale.

Kilikuwa chumba cha mtu mmoja, kitanda, meza ya pasi, dirisha la wavu. Na juu ya kitanda, rafu mbili za mbao. Nikaviona. Sahani za bluu zenye ukingo mweusi. Mabakuli yaliyopandana. Vikombe vilivyobanduka rangi. Chujio la chai. Na pembeni, kimya, birika, kifuniko chake kimefungwa kwa mnyororo mdogo.

"Umevipata wapi?" nikauliza, na sauti haikuwa yangu.

"Ulikovipeleka."

Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama shati.

"Kwanza niliona bakuli," akasema, akachukua shati lingine, akalitandaza. Hakuacha kazi. "Nilikuwa napita tu kwa yule mzee Kutu natafuta kikombe cha kunywea maji. Nikaliona, nikaligeuza, nikakuta alama. Nikamwuliza amelitoa wapi, akanitajia mchuuzi wa mabeseni. Nikamtafuta siku nne. Anakukumbuka vizuri. Akasema ni mama mmoja mwenye cherehani barazani, mimba hii hapa, alichukua mabeseni mawili kisha akamsumbua amwongezee ndoo."

"Alama gani?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza kwa mshangao wa kweli.

"Miaka yote hiyo umevikalia na hujui? Mama aliviwekea alama zote kwa msumari. Vitone vitatu chini. Kukiwa na shughuli vyombo vinachanganyika na vya majirani, ndivyo anavyovijua vyake."

Nikaona kidole gumba cha Mama kikipita chini ya sahani nilizompa. Polepole. Asante, mwanangu.

Alijua tangu sahani ya kwanza.

"Kwa hiyo ulijua ni mimi," nikasema. "Muda wote huu. Na hukumwambia kaka yako."

"Siku niliyojua nilikuja. Nilifika hadi getini na bakuli langu kwenye mfuko, nikiwa na maneno ya kukutosha wewe na ukoo wako. Nikakukuta barazani umempakata mtoto, ana siku chache, bado mwekundu. Nikakumbuka wale wawili waliotangulia ambao hawakukaa. Nikaona nikifungua mdomo leo kaka atakufukuza, na maziwa yatakauka." Alipindua shati. "Nikarudi. Nikasema atasema mwenyewe, acha mtoto akae kwanza. Mtoto akakaa. Akatambaa. Akatembea. Juzi nimemwona sokoni mgongoni kwa baba yake, anaimba. Mtoto anaimba, wewe bado hujasema."

"Wifi, nisamehe."

"Sijakuita uje kuomba msamaha. Umefuata nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hajui. Hakuna aliyemwambia.

"Mama yuko kwetu," nikasema. "Wiki ya tatu. Wanataka kumpasua macho."

Pasi ilibaki hewani.

"Mama yuko mjini humu?"

"Yuko."

"Wiki tatu. Na mimi napiga pasi mashati hapa, umbali wa kutembea kwa miguu." Aliiweka pasi. Aliketi kwenye ukingo wa meza, na ndipo nilipomwona alivyokonda. "Anakula?"

"Hali. Hata chai hataki. Anauliza birika."

Alipanda kitandani na viatu vyake, akalishusha birika, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mwanzoni nilivikusanya viwe ushahidi," akasema akiwa amenipa mgongo. "Nilitaka siku moja nivipange mbele ya kaka, nimwambie hesabu. Halafu nikaanza kuvitumia. Jioni nikimaliza kazi nachemsha chai humu, nakaa hapo ulipokaa wewe, nasikia kama Mama yuko jikoni. Hasira ikaanza kuniishia bila ruhusa yangu. Nikabaki nimechoka tu."

Akatwaa taulo lililopigwa pasi, akalifungia birika, akanipa.

"Mpelekee."

"Twende wote."

"Siingii nyumba niliyotolewa naitwa mwizi, mpaka aliyeniita alifute jina hilo kwa mdomo wake. Na wa kumfanya alifute unamjua."

"Nasema leo. Naapa, wifi, leo hii."

"Usiniapie," akasema, akaiinua pasi. "Nenda. Asije akalala na njaa."

Nilitembea hadi nyumbani nimelikumbatia birika kifuani. Jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa na sentensi mbili tu, na nilizirudia hatua kwa hatua: Nimelitoa kwa dada yako. Vyombo vile nilivitoa mimi. Sentensi mbili, hata mtoto wangu angeweza kuzikariri.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Nilimkuta barazani amefungua mgongo wa jokofu la mteja, mafuta hadi viwikoni. Aliponiona na kifurushi, akasimama.

"Usiniambie umelipata!"

"Nimelipata."

"We mwanamke!" Alicheka kama mtoto. "Chemsha haraka. Nanawa nakuja."

Nikachemsha. Nilipolimimina lile birika mbele ya Mama, mvuke ukapanda, naye akainua kichwa kabla sijasema neno. Alinyoosha mkono. Akagusa mnyororo. Akauvuta kidogo, ukalia. Kisha kidole gumba kikashuka taratibu, kikapita chini ya kitako, ukingoni pasipounguza, kikasimama.

Alikunywa kikombe cha kwanza bila kupumzika. Akaomba mkate. Akala vipande viwili, akaomba cha tatu.

Mume wangu alikuwa ameketi mkabala naye, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Sasa, nikajiambia. Sema sasa. Kisha nikajiambia, acha amalize kikombe. Alipomaliza nikasema, acha cha pili. Mtanicheka, lakini ndivyo nilivyoishi miaka mitatu, kikombe kwa kikombe.

"Hili ni langu," Mama akasema.

"Ni kama lako, Mama," mume wangu akamjibu kwa upole. "Mkwe wako amehangaika sana kulipata."

"Sikusema kama. Nimesema langu. Ligeuze chini utazame."

Mume wangu alinitazama, akatabasamu kidogo kumridhisha mama yake. Akamimina chai iliyobaki kwenye kikombe, akaligeuza. Tabasamu lake nililiona likiondoka.

Vitone vitatu.

"Hizi alama..." akasema. "Hizi alama naziona tangu nikiwa mtoto." Akaniinulia uso. "Umelitoa wapi?"

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

"Nimelitoa kwa dada yako."

Ya kwanza ilitoka vizuri kabisa, safi, kama nilivyoizoeza njiani. Ya pili ikakwama. Na katika ule upenyo wa sekunde mbili au tatu, mume wangu alishasimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Nilijua!" akapiga meza hadi vikombe vikaruka. "Miaka mitatu watu wananiambia huenda nimemwonea. Mama mwenyewe ananilaumu. Kumbe vyombo viko kwake! Amevikalia! Mama anashinda na njaa humu ndani, mtoto wake ananywea chai birika lake!"

"Ngoja," nikasema. "Ngoja, sijamaliza."

"Umalize nini? Usimtetee. Wewe una moyo mzuri kupita kiasi, ndiyo shida yako."

Jamani. Kama kuna kipigo kikubwa kuliko hicho, mimi sijawahi kukipata.

"Kaa chini nikueleze," nikasema, lakini sauti ilikuwa ndogo, na yeye alishatoa simu mfukoni. Namba ya dada yake hakuwahi kuifuta. Sikuwa najua hilo. Akabonyeza, akaweka sauti ya nje ili Mama asikie, akaitupa simu katikati ya meza.

Iliita. Ikaita tena.

"Kaka?"

Wifi alilitamka neno hilo kwa woga, kama mtu anayehisi amekosea nyumba.

"Birika la Mama lilikuwa kwako?"

"Lilikuwa kwangu."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa pili."

"Na sahani? Na mabakuli?"

"Yapo. Vyote vipo, kaka. Hakijapotea hata kijiko."

"Unamsikia, Mama? Hata hakatai! Hana hata aibu ya kukataa!"

Mama alikuwa amelirudisha birika mbele yake, mkono wake juu ya mpini, na uso ameuelekeza kwangu. Haoni, nawaambia haoni, lakini nilikuwa nimerudi nyuma hadi mlangoni, na bado nilitamani nihame pale nilipokuwa nimesimama.

"Uliniapia," mume wangu alikuwa anaiambia simu. "Ulisimama hapa, ukaniapia kwa jina la baba yetu kwamba hukuvigusa..."

"Kaka," wifi akamkatiza. "Mkeo yuko hapo?"

"Yupo. Unamtakia nini?"

"Anasikia?"

"Anakusikia. Sema unachotaka kusema."

Nilisikia pasi ikitua kwenye kibao cha chuma, mbali kidogo na simu. Nilisikia akivuta kitu, labda kiti kilichokuwa na nguo za watu. Kisha sauti yake ikaja karibu, haina hasira hata chembe. Afadhali ingekuwa na hasira.

"Wifi, mimi nilikubeba ukiwa na mtoto mchanga. Sasa siwezi tena, nimechoka. Safari hii sikubebei. Sema."

Mume wangu aliitazama simu. Kisha akanigeukia. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini chini yake kuna kitu kingine kilikuwa kinaanza kuingia taratibu, kama maji chini ya mlango.

"Useme nini?" akaniuliza.

Simu ilikuwa wazi. Tulikuwa tunamsikia wifi akipumua.

Mama ndiye aliyejongea wa kwanza. Alinyoosha mkono pembeni, akapapasa hewani hadi akakipata kiti kilichokuwa tupu kando yake, akakivuta kikakwaruza sakafu.

"Njoo ukae, mwanangu," akaniambia. "Maneno kama hayo hayasemwi mtu akiwa amesimama mlangoni."

Nikakaa.